Bwawa la Shangazi Lapanda na Kwaya Ndani

Jirani yetu wa ukutani, yule ambaye mtaa mzima unamwita Redio, anasema alikuwa anaanika shuka saa nne asubuhi aliposikia ardhi inapiga mbweu. Anasema alichungulia juu ya ukuta, akaliona bwawa la kuogelea la shangazi yangu linatoka ardhini taratibu, kama kiboko aliyeamka kuuliza saa ngapi. Na ndani ya bwawa, anasema, alimwona marehemu mume wa Shangazi kwenye kiti cha plastiki, kavaa suti ileile aliyozikwa nayo, anapunga mkono.

Mimi nilikuwepo.

Ardhi ilipiga mbweu, hilo kweli. Bwawa lilitoka, hilo nalo kweli. Kiti cha plastiki kilikuwemo. Lakini aliyekikalia hakuwa marehemu. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na hakuwa anapunga mkono, alikuwa anaongoza wimbo.

Watu kumi na wanne walikuwa wanaimba mbele yake.

Redio amelieneza jambo hili mpaka kwa watu wasiotujua. Kuna kitu kimoja tu asichokijua, na leo nakiandika hapa mwenyewe kabla hajakipata: aliyelitoa bwawa ardhini ni mimi. Nililitoa kwa ndoo.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, nikurudishe kidogo.

Naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba, mkunga mstaafu. Mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinne na, huko uani, bwawa la kuogelea ambalo hakuna mtu aliyewahi kuogelea ndani yake. Mtaani wanasema alilinunua ili wageni walione. Wageni waliliona. Kisha akafa.

Mwanangu wa kike ana miaka mitatu na nusu. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama yake ya shavuni. Baba yake aliponiacha nilikosa hata pa kuweka godoro, Kidoti akachukuliwa na bibi yake mzaa baba, na mimi nikapokewa na Shangazi. Mimi peke yangu.

Sababu Shangazi aliitaja mara moja tu. "Nimezalisha watoto elfu moja na mia mbili, sijapoteza hata mmoja. Sitaanzia uani kwangu. Bwawa likiondoka, mtoto aje."

Basi tangu mwezi wa pili kazi yangu duniani ni hiyo. Kuondoa bwawa.

Kwanza tulilifunika kwa mbao. Baada ya siku nne mbao hazipo. Shangazi akasema ni wezi.

Tukalifanya bwawa la samaki, tukatandaza wavu juu, wavu mgumu hata mtoto akianguka unamrusha. Asubuhi moja nikaukuta wavu uko kibarazani, na ndege wenye miguu mirefu wamekula samaki wote. Ndege wa mwisho alibaki amesimama ananitazama kama mteja anayesubiri sahani ya pili.

Nilichokiangalia zaidi ni ule wavu. Ulikuwa umekunjwa kona nne, umenyooshwa, kama shuka za wodini. Niliuangalia, nikanyamaza.

Ndipo akaja fundi. Wanamwita Fundi Kesho, jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye kalisahau.

Alituwekea njia zote mezani. Kulikata vipande na kulitoa lote ni wiki mbili na lori. Kulifanya tangi la maji ya mvua, alisema, "bado ni bwawa, mama, umelivalisha kofia tu." Kulitoboa sakafu, kulijaza kifusi na udongo, kisha kupanda majani juu ni siku nne. Shangazi akachagua siku nne. Fundi akatia pampu, akanyonya maji. Mimi nikaanza kuota majani.

Na siku hiyohiyo bibi yake Kidoti akapiga simu. Shule ya watoto wadogo kule kwao inaandikisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi. "Nikishamwandikisha huku, mwanangu, habari ya kumchukua tusizungumze tena. Mtoto si sufuria, leo hapa kesho pale."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa endelea nami.

Fundi Kesho alipozima pampu alituita ukingoni, mimi na Shangazi.

"Sikilizeni vizuri. Hili bwawa si la saruji. Ni la faiba. Ni karai moja kubwa, lilitengenezwa kiwandani, likaletwa kwa lori, likafukiwa. Chini yake mvua hizi zimejaza maji. Sasa mimi nimeacha maji kidogo humu ndani, ya magoti upande wa kina. Msiyaguse."

"Ya nini?" nikauliza.

"Hayo ndiyo yamelikalia."

"Yamelikalia vipi?"

"Kama wewe unavyokalia sanduku lililojaa nguo lisifunguke. Nafuata nyundo kubwa. Kesho nakuja kutoboa."

Siku ya pili hajaja. Siku ya tatu simu yake haipokelewi. Nikawa kila asubuhi nashuka na ufagio kusugua kuta, angalau mikono iwe na kazi. Vumbi lilinikaba, nikakohoa.

"Dada," sauti ikasema juu yangu. "Hebu kohoa tena."

Nikainua macho. Mwanamume mwembamba kavaa sare ya idara ya maji, kashika daftari la kusomea mita.

"Nini?"

"Kohoa tena, tafadhali. Kwa tumbo."

Nikakohoa. Akafumba macho.

"Inarudi," akasema. "Umesikia inavyorudi? Huko ukumbini kwetu sauti inakufa ukutani. Hapa inarudi imenawa uso."

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya wasoma mita. Mashindano ya kwaya za maofisi yalikuwa yamebakiza wiki mbili, na ukumbi wao umeezuliwa paa kwa matengenezo. Akaenda kumwomba Shangazi bwawa.

Nilijua Shangazi atamfukuza. Hapendi kelele. Kengele ya mlango aliitoa betri mwenyewe.

"Njooni," Shangazi akasema. "Njooni kila siku. Njooni hata mwezi mzima."

Nikamtazama. Akageuka kutafuta miwani yake, na miwani alikuwa kaivaa.

Wakaja siku ya Jumatatu, watu kumi na wanne na mwalimu wao wa kumi na tano. Walikunja suruali na sketi, wakashuka ngazi ya bwawa mmoja mmoja, wakajipanga ndani ya maji. Wimbo wao wa mashindano uliwahimiza wananchi kufunga bomba wakimaliza kutumia. "Funga bomba, ndugu yangu, funga bomba." Sauti nne. Na niseme ukweli, ulikuwa mtamu. Nilienda jikoni nikafunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa.

Lakini sauti ya kwanza wakaanza kulalamika.

"Mwalimu, miguu imekufa ganzi."

"Unaimba kwa miguu?"

"Baridi inapanda, Mwalimu. Ikifika kifuani noti ya juu siipati."

Walipopumzika, mwalimu akanivuta kando, kwenye kamba ya nguo.

"Dada yangu, nasikia mnataka kujaza udongo humu."

"Tunamsubiri fundi."

"Nina wanaume watano wa sauti ya nne. Kazi yao kubeba mabomba ya chuma. Tupate sakafu kavu siku mbili tatu tu, tuimbe kama watu. Ijumaa nawaleta na matoroli, wanakujazia mpaka juu, wanashindilia na miguu. Bure. Jioni unapanda majani."

Ijumaa. Na Jumamosi ni siku ya kuandikisha.

"Fundi kasema maji yasiguswe," nikasema.

"Fundi gani?"

"Fundi Kesho."

Mwalimu alilitazama anga, kama mtu anayemsubiri huyo fundi ashuke kutoka huko.

Sasa sikieni kosa langu. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini sikuacha akili huko. Nilimwelewa fundi. Jinsi ndoo tupu inavyokukataa ukiisukuma ndani ya pipa la maji, nililijua hilo tangu nina miaka sita. Nililijua, nikaliweka pembeni, kwa sababu upande mwingine alikuwepo Kidoti.

Jumanne Shangazi alipotoka kwenda kupima presha, nikakunja sketi, nikaingia na ndoo. Jumatano alipokwenda kumjulia hali mkunga mwenzake, nikaingia tena. Nilichota mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikamalizia na kikombe, nikafuta na tambara.

Na maji yote nikayamwaga palepale ukingoni, kwenye maua. Niliona ni dhambi kuyapoteza.

Alhamisi kulipambazuka mvua imetoka kukatika. Saa nne kasoro kwaya ikashuka. Mwalimu akaona sakafu kavu, akanitazama, akaweka mkono kifuani. Akaomba kiti. Nikampa kile cha plastiki cha Shangazi.

Mimi nikasimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Kutoka pale, kwa kawaida naona tosi za vichwa tu, kumi na nne, zimejipanga usawa wa ardhi kama sufuria zilizofunikwa.

Wakaanza. "Funga bomba, ndugu yangu..."

Ubeti wa pili nikaona mapaji ya nyuso.

Nikadhani wamesimama kwa vidole. Mwalimu hupenda kuwaambia wajiinue.

Kiitikio kikaja nikaona masikio. Kisha videvu. Kisha tai za wanaume, tai tano za bluu, zinapanda kutoka ardhini taratibu, zote pamoja, na wenye tai wanaimba.

Nikatoka mlangoni na sinia langu mkononi.

Wao hawakujua. Aliye ndani ya karai haoni karai likitembea. Walichoona ni kwamba ukuta wa Redio unashuka na upeo unafunguka, na kwa mtu anayeimba vizuri hilo si jambo la kumshtua sana. Mwalimu yeye alikuwa kafumba macho, kainua mikono.

"Sauti ya nne! Hapohapo! Nasikia inanyanyua! Msiishushe!"

Wakaivuta ile noti ya mwisho, "bombaaaa," na ndipo ardhi ikapiga ule mbweu. Vigae vya ukingoni vikaruka kama karata. Upande wa kina ukachomoka mzima, ukasimama juu kuliko kiuno changu, bwawa likainama kama sahani unayoiegemeza ikauke.

Kwaya ikateleza.

Waliteleza kwa mpangilio wao, hilo nitawasifu mpaka kufa. Sauti ya kwanza ikatangulia, ya pili juu yake, ya tatu, kisha wale wanaume watano wa mabomba wakafunika wote. Mwisho akapita mwalimu na kiti chake, mgongo umenyooka kama mkuu wa ofisi kwenye gari, akawafikia, akasimama.

Kutoka chini ya lundo sauti ya mwanamke ikasema, "Mwalimu, tumepaa."

"Sauti ya pili mlikuwa chini ya noti," mwalimu akajibu.

"Chini ya noti lakini juu ya ardhi, Mwalimu."

Shangazi akatoka mbio, kanga moja begani na kiatu kimoja mguuni. Hakuuliza kitu. Alitoa watu nje mmoja mmoja, akawalaza kwenye majani, akawashika mapigo ya moyo, akawaangalia ulimi. Mwanamume mmoja wa sauti ya nne alipotaka kuinuka akamwambia, "Tulia, baba, pumua kwa mdomo, usisukume bado."

Kisha akahesabu. "Mliingia kumi na watano?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mimi nina kumi na sita?"

Wa kumi na sita alikuwa Redio. Karuka ukuta, kalala kwenye mstari na wenzake, kanyoosha mkono apimwe.

"Nilimwona marehemu," akasema. "Kwenye kiti. Anapunga."

"Wewe jirani, inuka hapo."

"Nipime kwanza."

Hakuna aliyeumia. Kiatu kimoja kilipotea, na mpaka leo kiko chini ya bwawa.

Na hapo, kana kwamba alikuwa kajificha nyuma ya ukuta anasubiri wakati wake, geti likafunguka. Fundi Kesho, na nyundo kubwa begani.

Alilitazama karai lilivyosimama nje ya ardhi. Akaishusha nyundo polepole.

"Nani kachota maji yangu?"

Mwalimu akakitazama kiti. Mimi nikavitazama vikombe.

"Marehemu," akasema Redio.

"Wewe ndiye umechota, Fundi!" Shangazi akamgeukia. Alikuwa amewaka. "Siku tisa! Siku tisa unafuata nyundo! Hiyo nyundo uliizaa?"

Fundi akavua kofia. Ni mtu mwenye makosa mengi lakini wakati ule niliona hajui kosa lake ni lipi.

"Mama," akasema, "si wewe uliyenipigia simu? Siku ya pili tu. Ukaniambia nisije mpaka uniite. Nisipokee simu ya mtu mwingine. Leo nimekuja kwa sababu nimeona aibu."

Watu wote wakawa na shughuli. Mwenye tai akairekebisha, asiye na kiatu akautazama mguu.

Shangazi akairudisha kanga begani.

"Ni kama zile mbao," Redio akasema, katika ule wema wake wa kusaidia maongezi. "Ulizonipa za banda la kuku, ukaniambia nisimwambie mtu."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa imeshatoka.

Nami akilini nikauona ule wavu tena, kona nne, umenyooshwa.

Niliweka sinia chini.

"Maji nimechota mimi, Shangazi," nikasema. "Jumanne na jana. Mwalimu aliniahidi watu wa kujaza kesho. Nilitaka kumleta Kidoti Jumamosi."

Tukatazamana, mimi na yeye, mbele ya kwaya nzima. Kila mmoja kamshika mwenzake kwenye wizi, na hakuna wa kuita mwizi.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Alichukua fimbo, akaiingiza kwenye ufa kati ya karai na ardhi. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Akaitoa imelowa mpaka alipoishika.

"Hili halirudi chini tena," akasema. "Tope limeshaingia chini yake. Njia zimebaki mbili. Tulikate kwa msumeno hapohapo, au winchi ilinyanyue zima. Lakini huku chini, mama, kuna maji ya kimo cha mtu."

"Kwa hiyo nilikuwa na shimo moja la maji," Shangazi akasema, "na sasa nina karai juu na shimo chini."

"Sisi tunalihitaji," mwalimu wa kwaya akasema.

"Mnahitaji nini?"

"Karai. Likinyanyuliwa zima. Tulipokuwa juu pale, sauti ilitoka nje kama imetupwa na mkono. Tukisimama humo siku ya mashindano, mama, nani atatushinda?"

"Mtaliingizaje ukumbini?"

"Paa limeezuliwa," akasema mwalimu, na uso wake ukang'aa.

Shangazi akawafukuza wote, kwa upole, kama anavyowatoa ndugu wodini. Fundi akaacha nyundo na futi ya kupimia, akasema atarudi. Hakusema lini, na hakuna aliyemuuliza.

Mchana tukabaki wawili.

Nilikuwa nazoa vigae nikasikia naitwa. Sauti ilitoka ndani ya karai. Shangazi alikuwa kapanda ngazi, kaingia, kakaa kwenye kile kiti chake upande wa chini, kakigandamiza kwa kisigino kisiteleze.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Nikakaa sakafuni. Kila nilipojisogeza karai lilinguruma chini kama tumbo la mwenye njaa.

"Unajua mimi nafanya nini mtoto akizaliwa?" akaniuliza.

"Unamkata kitovu."

"Namkata kitovu. Namfuta, namfunga, namweka kifuani kwa mama yake. Dakika arobaini. Kisha nanawa mikono, naingia chumba kingine." Akaitazama mikono yake. "Elfu moja na mia mbili, mwanangu. Hakuna hata mmoja niliyekaa naye saa nzima. Baada ya hapo sijui huwa wanafanywa nini."

Nimezoea kumwona anajua kila kitu.

"Watu wanasema marehemu mume wangu alilinunua hili kwa ajili ya wageni," akasema. "Mwache Redio aseme. Angalia ule upande wa ngazi. Maji yake yanafika vifundoni. Nani mtu mzima anaogelea vifundoni? Aliagiza hivyo kiwandani, kwa kipimo. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa. Tulikuwa bado tunasubiri."

Nililihangaikia bwawa lile miezi mitano, na sikuwahi kujiuliza habari ya upande wa ngazi. Mimi ninayejisifu kwamba naona.

"Shangazi, kwa nini usingeniambia tu?"

"Nikuambie nini? Kwamba mkunga anaogopa mtoto? Bwawa lilikuwa linanisemea vizuri."

"Kidoti hahitaji mkunga," nikasema. "Kashazaliwa. Anahitaji mtu wa kumvalisha viatu mimi nikiwa sokoni."

Akafikiri.

"Viatu vya kamba?"

"Vya kubandika."

"Vya kubandika naweza." Kisha haraka, kidole juu: "Sijasema ndiyo. Halafu usiku wakilia?"

"Unamuuliza analilia nini."

"Anajibu?"

"Ana miaka mitatu na nusu, Shangazi. Hanyamazi."

Nadhani alitaka kucheka. Simu yangu ikalia.

Simu yangu imeharibika upande wa sikio, inaongea kwa spika tu, kwa hiyo mazungumzo yangu yote ni ya umma. Nikaona jina la bibi yake Kidoti. Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko? Nasikia nyumba yenu imepaa."

Nikaugeukia ukuta. Shuka za Redio zilikuwa kwenye kamba, na katikati ya shuka mbili palikuwa na sikio.

"Si nyumba, mama. Ni bwawa tu."

"Na marehemu amerudi?"

"Hajarudi, mama."

"Haya. Mimi sikupiga kwa hayo. Keshokutwa saa mbili asubuhi nipo foleni shuleni. Mtoto kashashonewa sare, lakini sare hata wewe unaweza kuondoka nayo. Nataka neno moja tu. Unakuja kumchukua, au naandikisha?"

Nyuma ya sauti yake nikamsikia Kidoti. Hakuwa ananiita. Alikuwa anaimba peke yake, wimbo wa maneno yake mwenyewe, kuhusu kuku mwenye suruali.

Shangazi naye alimsikia. Alikuwa kainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akiweka sikio kwenye tumbo la mama.

"Subiri kidogo, mama," nikasema. "Usikate."

Shangazi akainuka. Akashuka ngazi ya karai kinyumenyume, akaokota ile futi ya Fundi, akapima kutoka ardhini mpaka ukingo uliochomoka. Akapima na upande wa pili, ule wa vifundoni, ambao ulibaki chini. Akapima upana wa ufa. Alipima kila mahali ambapo mguu mdogo ungeweza kupita.

"Ana kimo gani?" akauliza bila kunitazama.

"Mara ya mwisho alinifika hapa." Nikaweka mkono kwenye paja.

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Mwezi wa pili."

Akauweka mkono wake hewani mbele ya ukingo wa karai, kiganja chini, usawa niliomwonyesha. Akafikiri. Akaupandisha vidole viwili, kwa miezi mitano ya kukua.

"Shangazi," nikasema. "Bwawa liko hivi unavyoliona, na shimo liko hivyo ulivyopima. Fundi sijui lini. Nakuomba hivyohivyo. Jumamosi nimlete?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno.

Shangazi alibaki kasimama, kiganja kiko palepale hewani, kama mtu aliyekiweka juu ya kichwa cha mtoto akasahau kukitoa.

"Haloo?" simu ikasema mkononi mwangu. "Mpo?"